Mgeni Njoo

Kuna weupe wa kanzu ya Ijumaa na kuna weupe wa sanda, na dukani huenda vyote viwili vikakatwa kwenye jora moja. Ule niliouona mwezi wa Julai ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwa dada yangu huko Maskati, sikujua niuhesabu upande upi. Tumbawe lilikuwa limekaa juu ya mchanga, ukubwa wa kiganja changu. Katika safari yangu ya nyuma niliwahi kuliona likiwa rangi ya damu ya mzee pembeni na kijani katikati, nyama yake imeumuka na kujikunjakunja kama andazi lililozidi hamira. Sasa lilikuwa jeupe pe. Nyama ilikuwa imenywea hata meno ya mfupa yakaanza kuchomoza ukingoni, na chini ya taa za buluu lilikuwa likimeremeta, tena likipendeza. Nilijionea haya kulitazama kwa raha. Mgonjwa hapaswi kupendeza vile.

Kisa chake hakina fumbo. Watu wa Maskati, kiangazi kikiwazidi, hukimbilia Salalah, ambako msimu wa kharif huleta manyunyu na ukungu na vilima vikawa kijani utadhani umefika Lushoto. Nyumba nzima ilikwenda huko wiki moja, na nyuma yao kiyoyozi cha sebule kikazima. Nje ilikuwa imepita digrii 40. Mpwa wangu aliporudi akagusa kioo cha tangi alikikuta vuguvugu, kama birika la chai lililosahauliwa mezani. Kipimajoto kilisoma 32. Maji yalikuwa yamepungua, na kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke, yaliyobaki yalikuwa makali zaidi. Bahari ya lita 200 haina vilindi vya kuficha ubaridi wala mkondo wa kuomba msaada kwa jirani. Linaloisibu huisibu yote kwa mara moja. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walikuwa hai, wakizungukazunguka kama kwamba hakuna lililotokea.

Kijana kazi yake iko jangwani, kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani, na siku zake za nyumbani zilikuwa zinakwisha. Mimi nilikuwa mgeni, niliyefika kwa wiki tatu. "Mjomba, utabaki nalo wewe," akaniambia, akinikabidhi karatasi ya namba na vichupa vya kupimia maji. Akafika mlangoni na begi lake, akarudi. "Nakuomba kitu kimoja tu. Usifanye mengi." Nilichukia kidogo. Mtu unampa mgonjwa halafu unamwambia asifanye mengi?

Tukipokea mgeni husema "mgeni njoo, mwenyeji apone", na kila aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili anajua utani uliomo: kuku aliyekuwa akiringa uani atachinjwa kwa heshima ya mgeni, na watoto wa nyumbani watapata paja ambalo wasingelipata. Tumbawe halina utani katika jambo hili. Ni mnyama, ingawa kwa karne nyingi mabaharia walilichukulia kuwa jiwe na wengine mmea, na ndani ya seli za nyama yake amekaa mgeni: mwani mdogo usioonekana kwa jicho, mamilioni kwa mamilioni. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu alipewa jembe kabla hajatua mzigo. Jua likiwaka yeye analima, anapika sukari kwa mwanga, na sehemu kubwa ya mavuno anamwachia mwenye nyumba. Kwa matumbawe mengi, hadi tisa kwa kumi ya nguvu za kuishi hutoka kwa mgeni huyu. Mwenyeji naye humpa hifadhi, humpa pumzi anayoitoa na uchafu wake, ambao kwa mwani ni mbolea. Hata rangi ya kahawia tunayoiona ni ya mgeni. Nyama ya tumbawe yenyewe ni angavu kama ute wa yai, na kinachoonekana cheupe mgeni akiondoka ni mfupa wa chokaa ulioko chini yake.

Joto likizidi, jiko la mgeni huharibika. Mitambo yake ya kupika kwa mwanga hupata hitilafu, na badala ya sukari hutoa oksijeni ya sumu ndani ya chumba alichokaribishwa. Mwenyeji hana la kufanya ila kumtoa nje. Sioni ukatili hapo. Nani atakaa na jiko linalotoa moshi wa kuua watoto? Lakini akishamtoa, amemtoa mlishaji wake. Hiyo ndiyo maana ya weupe ule. Tumbawe lililopauka halijafa. Lina njaa, na lina wiki kadhaa za akiba, pengine zaidi kidogo, kutegemea lilivyokuwa limenona kabla ya msiba.

Kupauka ndilo neno wanalolitumia watu wa bahari, na mimi kila nikilisikia hunijia sauti ya bibi yangu gizani, Paukwa! Mdomo hutaka kujibu Pakawa kabla akili haijakumbuka kwamba hapa hakuna hadithi.

Basi nikauguza. Neno hili nalo nimelitazama sana tangu Julai. Kupungua, kupunguza. Kuzunguka, kuzungusha. Kuugua, kuuguza. Kwa sura ya neno, anayeuguza ndiye anayemfanya mtu augue, na mgeni anayejifunza lugha yetu angekuwa na haki ya kushangaa: kwenu muuguzi ndiye mleta ugonjwa? Siku hizi naamini waliolitunga walijua walilokuwa wakisema. Kuuguza ni kumpa mtu nafasi ya kuugua mpaka amalize. Kuponya ni kazi ya mwingine, na wengi wetu tunajua tunamkusudia nani. Muuguzi hufukuza inzi, hugeuza mto, hupunguza mwanga wa dirisha, na kazi yake ngumu kuliko zote ni kuyaacha mambo aliyo na uwezo wa kuyafanya.

Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa na mambo ya aina hiyo. Joto lishushwe polepole, digrii moja kwa siku, mpaka 26, maana anayetolewa motoni akatumbukizwa barafuni hupata ugonjwa wa pili. Chumvi irudi gramu 35 kwa lita, nayo polepole, kwa maji matamu yaliyochujwa yasiyo na kitu ndani yake. Taa zipunguzwe nguvu hadi nusu, na tumbawe lisogezwe kwenye kivuli cha jiwe. Hili la kivuli lilinipa taabu. Mwanga si ndio chakula? Lakini chakula kilikuwa kikipikwa na mgeni, na wageni wachache waliobaki, dhaifu, kila mwali wa ziada uliwazidishia moshi jikoni. Aliyezoea jua, jua lile lile limegeuka kuwa kiboko. Pampu ya mkondo ikageuzwa isimpige usoni, maji yampite kwa upole kiasi cha nyama kutikisika tu kama pazia. Halafu kuna sharti lililoandikwa kwa herufi kubwa: kisibadilishwe kitu zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, na kikibadilishwa, kisubiriwe siku kadhaa.

Nilivunja sharti hilo wiki ya pili. Nilikwenda duka la samaki na nikasimama mbele ya rafu ya chupa, kila chupa na picha ya tumbawe lililonawiri kuliko la jirani yake, kama zile picha za nywele kwenye masanduku ya hina. Vipimo vyangu vilikuwa si vibaya: kalsiamu 420, magnesiamu 1300, ila alkali ilikuwa imeteremka hadi 7.2 kwenye kipimo chao, na karatasi ilisema 8. Nikataka namba ipendeze. Nikamimina usiku mmoja kilichostahili kumiminwa kwa siku nne, nikalala nimeridhika. Asubuhi alkali ilikuwa 9.4 na nyama ya tumbawe imejibana juu ya mfupa kama ngozi ya mzee aliyetoka kwenye maji baridi. Ukingo wa kushoto ulikuwa umechanika. Ugonjwa haukumfanya hivyo. Nilimfanya mimi, kwa huruma yangu.

Nikamkumbuka baba yangu na ukuta wetu. Nyumba tuliyokulia Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyounganishwa kwa chokaa, kuta nene hata dirishani paliweza kulala mtoto. Kuta hizo hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi, na chokaa juu yake humenyeka kila baada ya misimu michache, ikakorogwa nyingine na kupakwa upya. Baba alichoka kumenyeka kule. Akaita fundi, ukuta wa upande wa kisima ukapigwa saruji nzuri, laini, ya kudumu. Ilipendeza miaka mitatu. Kumbe saruji haipitishi pumzi. Unyevu uliokuwa ukiingia na kutoka ukafungiwa ndani, ukawa unakula mawe kimyakimya, na siku moja saruji ilianguka kipande kizima na jiwe lililooza limeng'ang'ania mgongoni mwake. Marehemu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayependa ukuta wake na asiyeweza kuutazama ukimenyeka bila kufanya kitu.

Na nikijiuliza sana, nina deni gani na tumbawe hili la watu, jibu naliona kwenye ukuta huo huo. Sisi watu wa pwani tumelala ndani ya matumbawe, tumesali ndani yake. Kule Kilwa mafundi walikata matumbawe yakiwa bado hai baharini, kwa sababu yakiwa mabichi huchongeka kama mbao laini, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Ndiyo yaliyotiwa nakshi kwenye mihrabu na vizingiti. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi yaliyochongwa mwaka 1107, na jiwe lenyewe lilikuwa mnyama. Chokaa nayo ilipatikana kwa kurundika matumbawe juu ya magogo na kuyachoma. Siwalaumu waliojenga; bila wao nisingekuwa na dirisha la kulala. Nasema tu kwamba nimefika umri huu nikijua tumbawe kwa namna nne za kulitumia na sikuwahi, hata siku moja, kujua namna ya kulilisha.

Kulisha kulianza usiku wa nane. Nilikuwa nikiogopa, maana mgonjwa huyu hasemi, na chakula kisicholiwa huoza tangini na kuharibu maji. Nikamuuliza Bi Mkubwa, mama mkwe wa dada yangu, aliyekuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, wa wazee waliotoka Omani. Akatoka Unguja akiwa msichana baada ya mapinduzi ya 1964, na miaka zaidi ya hamsini baadaye bado huota kwa Kiswahili, kwa hivyo katika nyumba ile suala la nani mgeni na nani mwenyeji halijibiwi kwa neno moja. Kwake tumbawe lilikuwa jiwe. "Jiwe haliugui, mwanangu," alikuwa akiniambia kila aliponiona nimeinama. Lakini nilipomweleza habari ya njaa alinitazama kama niliyekosa adabu. "Mgonjwa haulizwi uji. Anapewa."

Nikachukua uduvi kutoka frijini, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, nikakiloweka kwenye maji ya tangi na kukivuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mgeni, siku ya tatu jembe. Jembe langu likawa hilo. Taa zote zimezimwa, nimeshika tochi ya rangi nyekundu ambayo wanyama wa mwambani hawaijali sana. Nikapuliza maji yenye harufu ya uduvi karibu yake, bila chakula, kama mtu anayepitisha kikombe cha kahawa chini ya pua ya aliyelala. Nikasubiri. Dakika kumi, kumi na tano. Magoti yakaniuma kwenye marumaru. Kisha kwenye mikunjo ya upande wa kulia vikatokea vitu vifupi, vyeupe, vyembamba kama nyuzi za kufumia kofia. Minyiri. Mchana huwezi kuiona. Kwanza mitatu, halafu safu nzima, ikinyooka na kupapasa maji. Nikauachia uduvi. Ulitua, minyiri ikaushika, na nyama ikaanza kusogea taratibu mno, mpaka hujui kama imesogea au ni macho yako, ikiupeleka kwenye kinywa kilichokuwa katikati kama kitovu. Kamba mdogo wa tangini, mwizi wa kuzaliwa, akatoka mbio jiweni na kuupokonya.

Usiku uliofuata nilikata chupa ya maji ya plastiki katikati nikalifunika tumbawe nayo, nikamlisha kupitia mdomo wa chupa kama mgonjwa aliyewekewa pazia wodini. Kamba akapigapiga plastiki kwa mikono yake, akakata tamaa. Bi Mkubwa aliuliza kutoka kitini: "Jiwe limekula?" Limekula. "Alhamdulillahi."

Miaka ya mwanzo ya 1960, Jakarta, kulikuwa na mtu akiitwa Lee Chin Eng aliyefuga matumbawe nyumbani wakati wengine duniani walishindwa. Siri yake haikuwa mtambo. Aliweka maji ya bahari, mawe ya mwambani yenye uhai wake, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, basi. Mawe yale yalikuwa na vijidudu vilivyosafisha maji bila kuagizwa. Namwaza mara kwa mara, ameketi mbele ya kioo chake bila chupa hata moja ya kumimina.

Tangi hata hivyo ni tangi, na kioo kinaweza kumdanganya mtu. Mimi nilikuwa na swichi. Niliweza kupunguza jua. Mwaka 1998 joto lilipopanda katika Bahari ya Hindi, miamba ya magharibi, yetu ikiwemo, ilipauka kwa kiwango ambacho wavuvi wazee hawakuwahi kukiona, na sehemu kubwa haikurudi. Ikatokea tena 2016. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba dunia imo katika mpauko wa nne unaogusa bahari zote. Na inatosha digrii moja tu juu ya kilele cha kawaida cha kiangazi, ikidumu wiki chache, mwenyeji akaanza kumfukuza mgeni. Hilo ni joto ambalo mimi na wewe tukiwa ndani ya maji hatungeligundua. Huko nje hakuna mpwa wa kuacha karatasi. Kisiwani Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji hupiga mbizi na kupandikiza vipande vya matumbawe kwenye mwamba ulioharibika, kimoja kimoja, kwa mikono, na nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini hata wao huwarudisha watoto katika nyumba ambayo jiko lake linaendelea kupata moto, na mwasha moto hakai Wasini. Mchuma janga hula na wa kwao, tunasema. Hili la sasa amelichuma mmoja na wanaolila hata hawamjui.

Kama ni halali kumweka mnyama huyu sebuleni, sina fatwa. Tumbawe la mpwa wangu lilitoka Indonesia kwa kibali, kwa kuwa matumbawe yote ya mawe yamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, na kibali nilikiona. Karatasi ni karatasi. Ninachojua ni kwamba kijana yule, ambaye babu zake walichoma matumbawe kupata chokaa, sasa anaweza kusema kwa kutazama tu mkunjo wa nyama kama mgonjwa amelala vizuri.

Wiki ya sita niliona doa. Lilikuwa ndani ya mkunjo, upande wa kulia, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, na mwanzo nilidhani ni uchafu nikataka kuupuliza. Haukuwa uchafu. Mgeni alikuwa amerudi. Au si yeye: wanasayansi wamegundua kwamba baada ya joto baadhi ya matumbawe hupokea mwani wa jamii nyingine, wenye kuvumilia joto zaidi lakini mchoyo kidogo wa sukari, na mwenyeji hukua polepole kuliko zamani. Atakayekuja ndiye atakayekaribishwa. Doa likatambaa kufuata mikunjo, na wiki za mwanzo wa Septemba nyama ilikuwa ikivimba kidogo asubuhi. Wiki zangu tatu zilikuwa zimekwisha zamani. Dada hakunidai siku, ila alinidai kodi kwa mzaha kila Ijumaa, nami nikawa nampikia wali wa nazi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Upande wa kushoto, ule niliouchana mimi kwa alkali yangu, haukurudi. Umebaki mfupa, na juu yake umeota mwani mwingine, ule mrefu wa kijani usiomlisha mtu. Upande wa kulia una rangi ya kahawia. Ile damu ya mzee haijaonekana na mpwa wangu hasemi kama anaitarajia. Nimerudi Unguja, na dada hunitumia video. Wanalilisha mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo Bi Mkubwa hufunga. Magharibi ikiadhiniwa yeye hula tende tatu, taa za tangi zikazimwa, na jiwe likapewa uduvi wake.